Kisasi cha Heathcliff: Cha Mpenzi au cha Mtwana?

Ni mazoea ya wahakiki wengi kuisoma riwaya ya Emily Brontë, Wuthering Heights (1847), kama kisa cha mpenzi aliyekataliwa akageuka katili. Heathcliff anamsikia Catherine akimwambia mtumishi Nelly kuwa kuolewa naye kungemshushia hadhi. Anatoroka, anarejea baada ya miaka mitatu akiwa tajiri, na maovu yake yote yanahesabiwa kuwa matunda ya penzi hilo. Rai hii haiafikiani na mfuatano wa matukio.

Katika sura ya 7, siku ya Krismasi, Heathcliff, aliyekwisha kunyimwa masomo na kufanywa kibarua wa shamba, anapigwa na Hindley, kakake Catherine, na kufungiwa darini. Jioni hiyo anamwambia Nelly kuwa anatafakari namna ya kumlipa Hindley, hata ikimbidi angoje sana. Catherine hajaposwa bado. Katika sura ya 9 limo tukio ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito wake: Hindley, akiwa amelewa, anamwangusha mwanawe Hareton kutoka juu ya ngazi, Heathcliff aliye chini anamdaka bila kufikiri, kisha uso wake unajaa uchungu kwa kuwa amejinyima kisasi kwa mikono yake mwenyewe. Usiku uo huo ndipo anapoyasikia maneno ya Catherine.

Tazama pia njia anazozitumia. Anamkopesha Hindley fedha za kamari hadi ardhi yote inaingia rehani. Anamlazimisha binti wa Catherine kuolewa na mwanawe mgonjwa ili anyakue mali ya Edgar Linton. Wivu umo humu, sikani. Lakini Hareton, ambaye hakumpokonya mtu mpenzi, ndiye anayelelewa bila kusoma, kibarua katika nyumba ya babake. Hayo ni malipo ya mtwana, hatua kwa hatua kama alivyotendewa.

Mbona basi anaacha, hali ushindi umo mkononi? Kwa masimulizi ya Nelly (naye si wa kuaminiwa katika kila jambo), Heathcliff anakiri kuwa hana tena raha ya kuharibu. Anayaona macho ya Catherine katika nyuso za vijana wawili hao, naam. Lakini katika Hareton anauona ujana wake mwenyewe. Naye anapokufa, ni Hareton, aliyedhulumiwa kuliko wote, anayekesha kando ya maiti akilia.