Hodi kwenye Mlango Namba 25

Ndani ya dn42, mtandao wa wapenzi wa kompyuta uliojitenga na intaneti, hakuna kampuni inayouza huduma. Anayetaka kuingia hujiandikisha kwenye daftari la pamoja linalotunzwa kwa Git, hujipatia anwani ndani ya 172.20.0.0/14, kisha hutafuta mwenzake wa kuunganishwa naye kwa handaki la WireGuard, hata kama mwenzake huyo yuko bara jingine. Wengine hawaishii hapo. Husimika seva ya barua pepe.

Kwa nini wajisumbue? Huko nje watoa huduma wengi huziba mlango namba 25, unaopitisha barua kati ya seva, kwa wateja wa nyumbani, na seva ngeni hutiliwa shaka hata ikiwa safi kama pamba. Ndani ya dn42 fundi anaiona kazi yenyewe, bila hizo kero.

Na kazi ni tamu. Kikoa chake cha .dn42 hupewa rekodi ya MX, inayotaja seva ya kupokea barua. Halafu inakuja Postfix, programu ya seva ya barua aliyoianza Wietse Venema akiwa IBM mwishoni mwa miaka ya 1990. Fundi hufungua telnet akaongea na seva kwa mkono. Seva hutangulia na 220. Mgeni hujitambulisha kwa HELO, akajibiwa 250. Hutaja mtumaji, hutaja mpokeaji, huandika DATA, na akishapewa 354 humwaga barua yake, akaifunga kwa nukta moja iliyokaa peke yake mstarini. Utaratibu huu Jon Postel aliuandika mwaka 1982. Hodi, nani mwenzangu, unamtaka nani: mtu wa pwani hahitaji kufundishwa adabu hiyo.

Raha zaidi iko kwenye foleni. Mashine za wapenzi hawa wa kompyuta huzimika ovyo. Umeme umekatika, au mwenyewe anabadilisha diski. Postfix huitunza barua na kujaribu tena na tena, na kwa mpangilio wake wa kawaida hungoja hadi siku 5 ndipo iirudishe kwa mtumaji. Amri ya postqueue -p huonyesha kila iliyokwama, ukubwa wake, na sababu kwenye mabano.

Mtego ni mynetworks, orodha ya Postfix ya mashine zinazoruhusiwa kupitisha barua kwenye seva yako. Ukiandika humo 172.20.0.0/14 yote, ilhali seva yako ina mguu mwingine kwenye intaneti, dn42 nzima imeruhusiwa kutuma barua nje kwa jina lako. Fundi makini huorodhesha mashine zake tu, kisha humwomba mwenzake ajaribu kupitisha barua isiyomhusu. Ikikataliwa, wote wawili hufurahi.