Stollen Haisifiwi kwa Ulaini

Kila Desemba, Waswahili tunaoishi Ujerumani tukikaribishana Stollen, mkate wa Krismasi wenye zabibu, nasikia sifa ileile: "Aisee, laini kama sufi!" Mkate wenyewe wa dukani, umejaa majarini. Laini iwe keki. Stollen ya Dresden ni nzito, slesi nyembamba kwa kahawa inatosha, na aliyemaliza tatu hakula Stollen.

Vipimo vinajulikana: kwa kilo 100 za unga, siagi isipungue kilo 50, zabibu kavu 65, maganda ya limau na machungwa yaliyopikwa kwa sukari 20, lozi 15. Majarini ni marufuku, na kopo la kuokea pia. Mkate huu hukunjwa kwa mkono. Watu wa Saxony, jimbo la Dresden, waliidai siagi hiyo kwa Papa hadi Innocent VIII alipowaruhusu kuitumia wakati wa mfungo, mwaka 1491. Leo mtu anawawekea majarini!

Mgeni hutazama sukari ya juu, kisha huhesabu zabibu. Mimi hutazama pale zabibu inapogusana na mkate. Peleka slesi dirishani. Rangi ya manjano ifike safi mpaka kwenye ngozi ya zabibu. Ukiona utandu wa kijivu, zabibu zilitiwa mapema na mashine ikaziponda. Mahali pake ni mwisho kabisa, donge likishaumuka, tena taratibu. Ukiona kijishimo kikavu kuizunguka, haikulazwa kwenye ramu, ikanyonya maji ya mkate. Fundi mmoja mzee niliyefanya naye kazi alizima mashine kila ilipofika zamu ya zabibu, akamalizia kwa viganja. Mkate ukitoka tanurini, alichomoa zabibu zilizoungua juu, moja moja, ndipo apake siagi. Mwingine, simtaji, aliziacha na uchungu wake, akazifukia kwa sukari ya unga maradufu. Wateja wakapiga picha.

Harufu: siagi itangulie, basibasi ifuate. Iliki ikikupokea mlangoni, irudishe, najua sisi wa pwani hatulipendi neno hili. Na marzipani, lile donge la lozi na sukari, ya nini? Na iliyookwa jana si Stollen bado. Ipe wiki tatu mahali pa baridi.

Zamani kina mama wa Saxony walipeleka siagi na lozi zao kwa mwokaji, wakasimama papo hapo wasije wakadokolewa, na kila mkate ukachomekwa kibati chenye jina la mwenyewe. Enzi za Ujerumani Mashariki, maganda yalipoadimika, nyanya mbichi na karoti zilipikwa kwa sukari zikashika nafasi yake. Hata mikate ile ilikandwa kwa heshima kuliko hii ya dukani iliyofungwa plastiki.

Kukata ni kuanzia katikati, kisha nusu mbili zinasogezwa zikutane zisikauke. Anayeanzia pembeni, mnyang'anyeni kisu.