Tanzanaiti na ile hadithi ya radi

Umeshaisikia, nina hakika. Radi ilipiga Mererani, nyasi zikaungua, mawe ya kahawia yaliyolala juu ya ardhi yakageuka bluu, mchungaji wa Kimaasai akapita akayaokota. Inasimuliwa kwenye maduka ya vito, kwenye video fupi, hata na waongoza watalii wanaoijua kazi yao. Hadithi tamu. Ubaya wake ni kwamba imekaribia ukweli, na ndiyo maana inapotosha.

Ukweli uliomo ni joto. Tanzanaiti ni zoisaiti yenye vanadi kidogo, na mawe mengi hutoka shimoni yakiwa na ukahawia. Yakiingia kwenye tanuri la nyuzijoto 500 hadi 600 hivi, ukahawia unaondoka, bluu na zambarau zinabaki. Lakini joto hilo hupandishwa taratibu, maana jiwe likishtuliwa linapasuka. Moto wa nyasi je? Unapita chap, na udongo wa sentimita chache tu chini yake haupati joto la maana. Sasa muulize msimulizi: mawe ya mgodi wenye kina cha mamia ya mita yalipikwa na radi ipi?

Kinachonikera si radi yenyewe. Hadithi hii inawafuta watu. Inamfuta fundi wa tanuri, kiasi kwamba mteja akisikia jiwe lake lilichomwa anadhani kapigwa. Hajapigwa! Kuchoma ni kawaida ya biashara hii na rangi inadumu, aambiwe tu. Inamfuta pia Jumanne Ngoma, ambaye serikali ilimtambua mwaka 2018 kuwa ndiye mgunduzi wa madini haya. Huyo ana jina, yule mchungaji wa hadithini hana.

Halafu kuna jambo la mfukoni kwako ambalo hadithi hailigusi kabisa: ugumu. Kwenye mizani ya Mohs tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Vumbi la barabarani lina chembe za kwatsi, yenye 7. Kwa hiyo pete unayofulia, unayopikia na kugombania nayo daladala itajaa mikwaruzo mapema tu. Hereni au kidani vitadumu zaidi. Muuzaji aliyepata dakika kumi za kusimulia radi hakosi moja ya kukwambia hilo. Asipokwambia, muulize kabla hujatoa hela.