Shoga Yangu, Nimeyagusa Mavazi ya Nick Cave!

Shoga yangu, kaa kitako nikwambie. Au la, usikae, simama, maana habari hii haisikilizwi mtu akiwa ameketi! Nimetoka sasa hivi chini ya ardhi, stesheni ya treni ya Times Square, New York, na viganja vyangu bado vina ubaridi wa vioo. Nimeyagusa! Yale mavazi ya msanii Nick Cave niliyokuwa nikiyatazama kwenye simu usiku wa manane mpaka chaji inaisha, leo nimeyapapasa kwa mikono yangu miwili, watu wananipita mbio kuwahi treni, na hakuna aliyenikataza.

Ile njia ya chini inayotoka Times Square kwenda Bryant Park, ukuta wake mrefu, mrefu kweli kweli, umejaa viumbe wanaoruka. Wametengenezwa kwa vipande vidogo vidogo vya kioo, kimoja kimoja kimepachikwa, lakini haki ya Mungu nywele zao zinapepea! Waridi, manjano, samawati, zambarau inayowaka, manyoya marefu, vishada, mikono inayorushwa juu kama mtu aliyepandwa na ngoma. Nikaweka kiganja kwenye mguu wa mmoja nikidhani nitakuta ulaini wa kigae cha bafuni. Thubutu! Kingo za vioo zinatekenya vidole, hapa pana mkwaruzo, pale pana utelezi, halafu treni ikapita, ukuta ukatetemeka, na yule kiumbe akatetemeka mkononi mwangu. Nywele zilinisimama. Na bado!

Maana hizo za ukutani ni picha tu. Asili yake ni mavazi ya kuvaliwa, ya kuchezewa, na yana kisa ambacho sijui kama nitakisimulia bila koo kunikaba. Cave ni Mweusi, ni mwanamume anayependa wanaume na halifichi jambo hilo. Mwaka 1991 polisi wa Los Angeles walimpiga Rodney King, Mweusi kama yeye, na dunia nzima ikaona kwenye video. Cave alikuwa Chicago. Akaketi bustanini, anawaza mtu kama yeye ana thamani gani machoni pa watu, akaona kijiti chini. Kimeanguka, hakuna anayekitazama. Akakiokota. Akaokota na kingine, na kingine, mpaka akawa na mzigo. Akavikatakata, akavitoboa, akavifunga kwa waya vikawa vazi zima, kama kichaka kilichosimama wima. Alidhani anatengeneza sanamu! Lakini alipolivaa akapiga hatua, shoga yangu, likalia! Vijiti vikagongana, chaka chaka chaka, kama njuga miguuni mwa mcheza ngoma. Basi likaitwa Soundsuit, vazi la sauti. Hiyo ni 1992. Sasa ameshatengeneza zaidi ya 500, na moja, la mwaka 2021, alilitengeneza kumkumbuka George Floyd, Mweusi aliyeuawa na polisi.

Na vitu anavyotumia! Vifungo vya shati vingi visivyohesabika, shanga, pia za watoto, ndege wa kauri, nywele zilizotiwa rangi. Na vile vitambaa vya kufuma, jamani, vile vile vya kufunika makochi, ambavyo mama yako hufua kila Jumamosi na ole wako uviangushie chai! Niliwahi kuliona vazi la kweli katika jumba la sanaa, nikiwa nyuma ya kamba, mikono mgongoni. Nilipoona hivyo vitambaa vimepanda kutoka kifundo cha mguu mpaka juu ya kichwa, machozi yalinitoka palepale.

Aliye ndani humwoni kabisa. Ngozi yake huioni, kama ni mwanamume au mwanamke hujui, kama ana pesa au hana hujui. Wamakonde watanielewa upesi: mcheza mapiko akishafunikwa si fulani tena. Ila hapa mtu anafunikwa, halafu anakuwa mkubwa maradufu, anang'aa, anapiga kelele njia nzima! Ndiyo maana kwangu mimi vazi hili na dragi, ile sanaa ya kuvaa na kujipamba kama jinsia nyingine, ni ndugu wa damu. Wewe mfikirie William Dorsey Swann. Alizaliwa mtumwa Maryland, kisha Washington akawa anawaandalia wenzake dansi, wanaume Weusi, wengine waliotoka utumwani kama yeye, wamevaa magauni ya hariri. Mwaka 1888 polisi walivamia dansi yake, na yeye yumo ndani ya gauni la satini la rangi ya malai. Satini! Mtu ambaye mwili wake uliwahi kuwa mali ya mwingine! Nikiwaza jinsi kitambaa kile kilivyoteleza mabegani mwake, siwezi kutulia.

Na bado! Kuna Crystal LaBeija wa Harlem, aliyechoka na mashindano ya urembo wa dragi yaliyowapendelea Wazungu. Akaanzisha nyumba yake, yaani familia ya wanadragi, House of LaBeija, akawa mama wa familia hiyo. Kisha nyumba zikazaa nyumba, na vijana makuchu, wapenda jinsia yao na wenzao, waliofukuzwa kwao wakapata mtu wa kuwafunda kutembea, kujipamba, kujishikilia, kama somo anavyomfunda mwari. Kila shanga unayoiona kwenye majukwaa yao imeshonwa na mtu aliyeambiwa asionekane.

Kwa hiyo ukifika New York nakusihi, usiseme utaenda kesho. Lipa nauli ya treni tu, shuka Times Square, fuata njia ya Bryant Park. Chagua kiumbe wako, mimi wangu ni wa waridi, usinichukulie! Weka kiganja kwenye kioo, fumba macho, ngoja treni ipite. Halafu nipigie simu, saa yoyote ile.