Kutoroka au Kutoroshwa: Vitenzi na Taswira ya Msichana wa Nyanda za Juu Kusini

Katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili nchini Tanzania, swali la "nafasi ya mwanamke" limezoeleka mno, na majibu yake yamezoeleka vilevile: mlezi, mvumilivu, chombo cha starehe, mwanamapinduzi. Mwanafunzi wa Iringa au Mbeya hutoka darasani na orodha hiyo kichwani. Jioni akitazama kichekesho kwenye simu ambamo msichana wa mkoani kwake ni mtumishi mshamba wa kuchekwa, orodha haimfai kitu. Inamtajia picha bila kumwonyesha inavyochorwa. Makala haya yanadai kwamba mtoto husaidiwa zaidi akifundishwa kufuatilia vitenzi.

Jina la Iringa limefungamana na kazi za ndani kwa muda mrefu, kiasi kwamba katika utani wa mijini "msichana wa Iringa" hueleweka kuwa mtumishi hata pasipo neno "kazi". Historia ya jambo hili si ya kuchekesha. Wakati wa ukoloni nyanda hizi zilitoa vibarua wa kiume kwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Baadaye UKIMWI uliziacha kaya nyingi bila wazazi. Utafiti wa kitaifa wa 2016/2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Barabara kuu iliyowapeleka akina baba mkongeni ikawapeleka mabinti jikoni kwa watu. Mabasi ya barabara hiyo huonyesha filamu safarini, na si ajabu binti anayekwenda kuanza kazi Dar es Salaam akajitazama humo akichekwa kabla hajafika.

Ukisikiliza jinsi anavyosemwa, msichana huyu huagizwa, huletwa, hupokewa, na asipofaa hurudishwa. Ni vitenzi vya mzigo. Hata majina yake yanamweka mbali: "hausigeli" humbakiza msichana hata akiwa na miaka arobaini, na "beki tatu", lililochotwa kwenye soka, kwa kawaida hutamkwa asipokuwapo. Katika vichekesho hivi, anapopewa nafasi ya mtenda, mara nyingi kitenzi ni cha kosa: ameiba, amemchukua mume wa bosi, ametoroka. Sarufi hii humnyima utendaji hadi siku ya kulaumiwa.

Hapo ndipo kitenzi "toroka" kinapostahili kutazamwa kwa makini. "Toroka" hakihitaji yambwa. Lawama yote inabaki kwa kiima. "Torosha" kinadai mtu wa pili. "Toroshwa" kinamweka msichana mahali pa kiima ilhali mtenda ni mwingine, ambaye anaweza hata asitajwe. Tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, iliyosomwa kwa miaka mingi sekondari, inafaa sana kwa zoezi hili. Je, Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, alitoroka na karani wa sensa au alitoroshwa naye? Mwanafunzi anayeandika "alitoroka" na anayeandika "alitoroshwa" wametoa hukumu mbili tofauti kabla ya kufika kwenye dhamira. Jibu la pili nalo si salama moja kwa moja, kwa kuwa linaweza kumfuta Mazoea kama mtu mwenye matakwa yake. Mjadala wa namna hiyo una thamani kuliko orodha nzima ya nafasi za mwanamke.

Vichwa vya habari vinadai usomaji uleule. "Mwanafunzi aolewa" na "mwanafunzi aozwa" hutofautiana kwa fonimu chache tu, lakini kauli ya kwanza humficha mzazi na ya pili humdokeza. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu husika vinakiuka katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Mtoto asiyesikia tofauti ya "olewa" na "ozwa" hawezi kufahamu kesi hiyo ilihusu nini.

Wako wanaopendelea kuzuia. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ilipigwa marufuku shuleni, kisha ikaja kuwa kitabu cha kiada. Hakuna ushahidi kwamba marufuku ilimlinda msichana yeyote. Wengine hutegemea mifano ya kuigwa, na Mbeya inao: mbunge wake Tulia Ackson alichaguliwa Spika Februari 2022 na Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani Oktoba 2023. Fahari hiyo ni halali. Hata hivyo, picha ya Spika ukutani haimfundishi mtoto kusoma kichekesho, na huenda ikamdokeza kwamba asiyefika huko anastahili kuchekwa.

Lafudhi nayo huchekwa: "kamwene" ikatamkwa kwa kejeli, "l" ikawekwa panapostahili "r". Kihehe na Kibena vimo katika Kanda G ya Guthrie pamoja na Kiswahili chenyewe, na athari ya lugha ya kwanza haipimi akili ya msemaji. Hili mwalimu wa Kiswahili anaweza kulieleza kwa dakika tano.

Zoezi lenyewe ni rahisi kulipanga. Watoto hutazama kipande kifupi, huorodhesha vitenzi vya msichana na vya bosi wake, kisha husimulia upya tukio lilelile msichana akiwa kiima cha vitenzi visivyo vya kosa: anapika, anahesabu mshahara wake, anakataa, anaaga. Maswali huja yenyewe. Nani alimleta? Nani alipatana bei? Ugumu uko kwa mwalimu, kwa kuwa walimu wengi nao wana binti nyumbani wa kuwalelea watoto, na darasani huenda kukawa na mwanafunzi ambaye dada yake ndiye huyo.