Kusadikika Mezani: Kanuni za Mchezo Kama Uhakiki

Katika mchezo wa kuigiza wahusika mezani, wachezaji wachache hukaa pamoja, kila mmoja huchukua mhusika wake, msimulizi hueleza hali ilivyo, na dadu huamua pale ambapo matokeo hayajulikani. Hapana jukwaa wala mavazi. Kazi karibu yote hufanywa kwa maneno, na ndiyo maana mwalimu wa lugha hana budi kuutazama. Swali la makala haya ni hili: riwaya za kifantasia zikigeuzwa kuwa kanuni za mchezo wa namna hii, ni nini cha riwaya kinachobaki?

Wenzetu wa Marekani na Ulaya wamelijaribu jambo hili kwa zaidi ya miaka 40. Mchezo wa Middle-earth Role Playing (1984) ulichukua ulimwengu wa J.R.R. Tolkien, lakini kanuni zake zilipunguzwa kutoka mchezo mwingine, Rolemaster, wenye majedwali marefu ya majeraha. Majina yalikuwa ya Tolkien. Hesabu ilikuwa ya mifupa iliyovunjika. Call of Cthulhu (1981), uliotokana na hadithi za H.P. Lovecraft, ulifaulu zaidi. Humo mhusika ana alama za akili timamu, na kadiri anavyougundua ukweli ndivyo alama hizo zinavyopungua. Kanuni hiyo moja ni uhakiki kamili wa Lovecraft. Kile kanuni inachokihesabu ndicho mchezo unachokisema, hata kama jalada linasema vingine.

Sasa tuvitazame vitabu vyetu. Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952) vya Shaaban Robert si mfululizo rasmi, ila vyote viwili vinatupeleka katika nchi zisizo kwenye ramani yoyote. Nachukua mfano wa darasa la pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma. Huko vijana wengi huzungumza Kimwani au Kimakwe, lugha zenye undugu wa karibu na Kiswahili. Huko pia ndiko vita vilikoanza tarehe 5 Oktoba 2017, na Palma ikashambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Kuwapa vijana hao mchezo unaotoa alama kwa kila adui aliyeuawa ni kosa la kifasihi, na tena ni ukatili.

Bahati nzuri Kusadikika hakihitaji upanga. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na Majivuno ndiye mshtaki wake. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja akatiwa gerezani. Wanafunzi sita, wajumbe sita: mchezo umekwisha kuandaliwa na mwandishi mwenyewe.

Mtego uko kwenye ushindi. Mtunga kanuni wa kawaida angempa tuzo mjumbe anayerudi na mengi. Mimi ningefanya kinyume: kila jema linaloletwa liongeze chuki ya baraza, na mchezaji alijue hilo kabla hajafunga safari. Aamue mwenyewe alete nini, na aseme kiasi gani. Dadu zitumike njiani tu, kwenye dhoruba na njaa. Barazani zisiguswe. Huko Karama ashinde au ashindwe kwa hoja zake, mbele ya wanafunzi wenzake waliokaa kama madiwani.

Faida ya lugha ni dhahiri. Safari inadai wakati uliopita na masimulizi. Baraza linadai masharti, -nge- na -ngali-, pamoja na lugha ya heshima. Mzungumzaji wa Kimwani huelewa Kiswahili kingi akikisikia, lakini kuelewa si kusimama mbele ya baraza na kujitetea kwa Kiswahili sanifu. Njiani aseme Kimwani apendavyo, bila kukatwa alama. Mjumbe naye ana kwao.

Adili na Nduguze ni kigumu zaidi. Kitabu hicho kina kanuni tayari ndani yake: Huria, jini, amewageuza ndugu wawili wa Adili kuwa manyani, na Adili lazima awachape kila usiku, la sivyo atachapwa yeye. Ukiigeuza adhabu hiyo kuwa dadu na alama za uhai, umeiua hadithi, maana uzito wake uko kwa mchapaji anayewahurumia anaowachapa. Basi kinachohesabiwa kiwe huruma yake. Na mle ndani mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Mbele ya kijana aliyeuacha mji wake ukiwa mtupu mwaka 2021, ningeiruka sura hiyo mpaka yeye mwenyewe aiombe.