Wakubwa wa Kusadikika Wakitazamwa kutoka Mikese

Kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika kilitolewa mwaka 1951, na tangu hapo wasomaji wengi wamekikubali kuwa ni fumbo la utawala wa Kiingereza katika Tanganyika. Kauli hiyo si ya uongo, lakini imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kizuizi. Msomaji akishajua kwamba Mfalme ni serikali, na kwamba Karama ni mwananchi adaiye haki yake, huona kazi imekwisha na kitabu chaweza kufungwa. Swali lililo gumu zaidi hubaki halikuulizwa: wakubwa wa nchi ile ya angani walipata wapi ukubwa wao? Ni nani aliyewapa, na ni nani awezaye kuwavua?

Swali hilo laweza kuulizwa popote, lakini pako mahali ambapo hujiuliza lenyewe. Mikese ni mji mdogo wa reli na barabara, karibu kilomita 30 mashariki ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Njia ya misafara ilipita hapo. Stanley alipita mwaka 1871, siku chache kabla ya kuufikia mji wa Simbamwenni, uliozungushiwa ukuta wa mawe na Kisabengo, Mzigua aliyejipatia enzi kwa bunduki na ujasiri wake mwenyewe. Na wakati huo Kisabengo alikuwa amekwisha kufa, na binti yake ndiye aliyetawala. Upande wa mlimani ni Kinole, kiti cha Kingalu, jina ambalo si la mtu mmoja bali hurithiwa na kila anayeketishwa mahali pa marehemu. Na magharibi, Morogoro, lilikaa boma la Wajerumani na kisha la Waingereza, ambamo mtu aliweza kupewa utawala kwa waraka na kunyang'anywa kwa waraka. Basi mwenye kusimama Mikese ana aina tatu za ukubwa zinazomzunguka: ukubwa wa silaha, ukubwa wa ukoo na ukubwa wa karatasi. Yafaa kuuliza wakubwa wa Kusadikika ni wa aina gani.

Si wa silaha. Hakuna katika kitabu kile vita vya kugombea kiti, wala mtu kama Kisabengo aliyetoka mahali pengine akajenga ukuta akasema hapa ni pangu. Wala si wa ukoo. Jambo hili halikupata kuangaliwa kwa kutosha. Waziri Majivuno, ambaye ndiye mshitaki wa Karama, hana baba anayetajwa kuwa chanzo cha cheo chake, hana ukoo unaomsimamia, hana kijiji anachotoka. Ana jina tu, na jina lenyewe ni tabia yake. Kadhalika Karama, na kadhalika wale wajumbe sita ambao Karama anasimulia safari zao katika kujitetea: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja ni sifa iliyovikwa kanzu. Wahakiki wamezoea kusema kwamba majina hayo ni ufundi wa mwandishi wa kufundisha adili, na ndivyo yalivyo. Lakini majina hayo yana kazi nyingine pia. Katika Uluguru mtu hupewa jina la aliyemtangulia, naye pamoja na jina hupokea ardhi, watu, matambiko na madeni. Jina humfunga kwa wafu na kwa walio hai. Jina la Majivuno halimfungi kwa mtu yeyote. Ukubwa wake wote unatokana na kusimama kwake karibu na kiti cha Mfalme, naye akiondolewa hapo hana pa kurudi.

Huo ndio ukubwa wa karatasi, na Shaaban Robert aliujua kutoka upande wa chini. Alikuwa karani wa serikali kwa muda mrefu wa maisha yake: alianza katika Forodha, akahamia idara ya mifugo huko Mpwapwa, kisha akafanya kazi katika ofisi za Tanga. Karani huona jinsi amri inavyozaliwa. Huona jinsi malalamiko yanavyoingia mlango mmoja yakatokea mlango mwingine yamekuwa mashitaka juu ya mlalamikaji. Jambo hilo hasa ndilo linalotendeka katika Kusadikika. Wajumbe hupelekwa pande sita za jirani kutafuta maarifa ya kuifaa nchi. Huenda, hutaabika, hurudi na habari njema. Na kila mmoja wao, badala ya kushukuriwa, hutiwa kifungoni. Karama mwenyewe hana kosa ila kutaka elimu ya sheria ifundishwe, ili mtu anaposhitakiwa apate wa kumsemea. Nchi iliyoogopa sheria isijulikane ni nchi ambayo wakubwa wake wajua kwamba hawana msingi mwingine.

Katika pande zile sita mna moja ambalo ladai kuangaliwa peke yake. Pamoja na mashariki, magharibi, kaskazini, kusini na mbinguni, mjumbe mmoja alipelekwa ardhini. Wasomaji huipita safari hii kama wanavyozipita nyingine, kwa sababu mpango wa kitabu umekwisha kuwazoeza. Lakini fikira yenyewe ni kali mno. Kwa watu wa Kusadikika, ardhi ni nchi ya kigeni. Wanaelea. Ili kujua habari za udongo yawapasa kumtuma mtu, naye akirudi na habari hizo wanamfunga. Hakuna sehemu nyingine ya kitabu inayoueleza kwa uchache namna hii utawala uliokatika na watu wake, na mtu angetamani mwandishi angekaa hapo kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyokaa.

Historia ya Uluguru yatoa mfano ambao Shaaban Robert hangeweza kuuona alipokuwa akiandika, kwa kuwa ulitokea miaka minne baada ya kitabu kutolewa. Waluguru hawakuwa na mfalme mmoja. Nchi yao iligawanyika kwa koo nyingi za upande wa mama, kila moja na ardhi yake na mkuu wake, ingawa wakuu wengine, kama Kingalu, walisikilizwa mbali zaidi kwa sababu ya mvua. Serikali ya Kiingereza, hasa tangu siasa ya Gavana Cameron ya kutawala kwa njia ya wakuu wa wenyeji katika miaka ya 1920, ilihitaji watu wachache wa kuandikia barua, na mwishowe ikawa na sultani mmoja wa Uluguru yote. Katika miaka ya 1950 kiti hicho kilikaliwa na Sultani Sabu bin Sabu. Young na Fosbrooke, katika kitabu chao cha 1960 juu ya ardhi na siasa ya Waluguru, walieleza kwa urefu jinsi utawala huo wa juu ulivyokaa juu ya koo bila ya kuota mizizi ndani yake.

Kisha ukaja mpango wa kuhifadhi ardhi, uliowalazimisha watu kukata matuta ya ngazi katika miteremko ya milima. Kazi ilikuwa nzito, na katika mahali pengi matuta yaliufukia udongo mzuri na kuutoa juu udongo usiofaa. Wakulima walisema hivyo. Waliosema hawakuhesabiwa kuwa watu waletao habari kutoka ardhini, walihesabiwa wakaidi. Mwaka 1955 zikatokea ghasia, na shuruti ya matuta ikaachwa. Hapa mfano na kitabu vinaachana. Katika Kusadikika ukweli hushinda kwa maneno ya mtu mmoja mbele ya baraza, kwa siku sita, katika lugha nzuri. Katika Uluguru maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa, na hayakutosha.

Basi udhaifu wa kitabu uko katika mwisho wake. Mfalme husikiliza, moyo wake hulainika, Karama huachiliwa, na wafungwa hufunguliwa. Lawama yote imebebwa na waziri. Kiti chenyewe hakikuguswa. Wako wahakiki wanaoona hapa woga wa mtumishi wa serikali, lakini hukumu hiyo ni nyepesi. Mwaka 1951 neno mfalme, kwa msomaji wa magazeti ya Kiswahili ya Tanganyika, lilikuwa na mtu wake, naye ni George wa Sita wa Uingereza. Watu walikuwa na desturi ya kuzipita ofisi zote na kupeleka malalamiko juu kabisa, kwa imani kwamba aliye mbali ni mwadilifu na walio karibu ndio wanaomficha habari. Kusadikika imejengwa juu ya imani hiyo. Yaweza kusemwa kwamba imani ilikuwa potofu. Haiwezi kusemwa kwamba mwandishi aliibuni kwa kujipendekeza. Hata hivyo, kwa upande wa usanii, hasara haikuepukika. Mfalme anayeweza kugeuka kuwa mwema kwa siku sita angeweza kugeuka mapema zaidi, na msomaji aliyeona wajumbe sita wakifungwa mmoja baada ya mwingine ana haki ya kuuliza Mfalme alikuwa wapi. Na iongezwe kwamba utetezi wenyewe ni wa namna moja mno. Kufika safari ya nne msomaji amekwisha kujua jinsi ya tano itakavyokwisha.

Kitu kingine kinachokosekana katika Kusadikika, nacho kingeonekana upesi na mtu wa Mikese, ni mtani. Utani katika Uluguru ni wa ukoo kwa ukoo. Mtani huingia msibani akacheka, humtukana mkubwa mbele ya watu wake, naye mkubwa hana ruhusa ya kukasirika, kwa sababu mtani huyo huyo ana wajibu wa kusaidia mazishi. Ni sheria isiyoandikwa ya kumwambia mkubwa ukweli bila ya kufungwa. Nchi yenye watani haimhitaji Karama mapema sana. Lakini pasipo koo hapana utani, na wakubwa wa Kusadikika, kwa kuwa hawana koo, hawana hata mtu mmoja aliyepewa haki ya kuwacheka. Ndiyo maana baraza lile ni zito kama jiwe, na ndiyo maana kitabu kizima hakina kicheko. Kosa hili, kama ni kosa, ni la kweli kwa nchi inayosimuliwa.

Habari ya ukoo ni nzito zaidi katika Kufikirika, kilichotolewa mwaka 1967 baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962. Huko mfalme hana mtoto, na kwa ajili hiyo nchi nzima hutaabika: waganga wa kila namna huitwa, hazina hutumika, na baadaye, mtoto akiisha kuzaliwa na kuugua, hata damu ya watu hutakiwa. Kejeli ya mwandishi juu ya waganga imesifiwa kwa haki. Lakini msingi wa kisa wote ni shauri moja lisilohojiwa, nalo ni kwamba kiti hurithiwa na mtoto wa kumzaa. Msomaji wa Kinole au Mikese angeuliza mara moja: huyu mfalme hana dada? Kwa Waluguru mrithi ni mpwa, na mtawala asiye na mtoto si msiba wa nchi. Kisa cha Kufikirika kingekwisha katika ukurasa wa pili. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa na asili ya Wayao, watu ambao kwa mila yao ya kale nao huhesabu ukoo kwa mama. Lakini alikulia katika Uislamu na mila za pwani ya Tanga, na ufalme aliokuwa nao moyoni ni ule wa hadithi za Alfu Lela. Jambo hili halihitaji ushahidi mwingi. Adili na Nduguze, cha 1952, kimetokana waziwazi na hadithi mojawapo ya mkusanyiko huo, ijapokuwa Baghdad imekuwa Ughaibu na Harun al-Rashid amekuwa Rai. Na ajabu ni kwamba kitabu hicho, ambacho ndicho kilichoazimwa zaidi, ndicho chenye utawala ulio hai zaidi: kuna jimbo la Janibu, kuna kodi inayotazamiwa, na kuna Ikibali anayetumwa kwenda kuangalia. Hapo mkubwa anahesabiwa. Katika Kusadikika hakuna ahesabuye.

Lugha ya vyeo yatoa ushahidi wa mwisho, na wataalamu wa maneno wangefanya vema kuufuata. Nchi zote tatu zimejaa mawaziri na mabaraza, maneno ya dola za miji na ya hadithi zilizosafiri kwa jahazi. Hakuna mndewa, neno ambalo katika milima ya Uluguru lilimtaja mkuu wa mahali. Hakuna akida wala jumbe wa serikali. Wala mwandishi hakumwita mtawala wake sultani, ingawa ndilo jina lililokuwa likitumika katika ofisi za Tanganyika kwa mkuu wa wenyeji aliyetambuliwa na serikali, na ndilo ambalo karani angeliandika kila wiki. Angelisema sultani, kila msomaji wa 1951 angelitafuta wilaya. Alisema mfalme, na nchi ikapaa juu, mahali ambapo mkuu wa wilaya hakuwa na ramani yake.